Nchi ya Madirisha Yaliyozibwa

Sogeeni jamani, maana nikikaa na habari hii peke yangu mpaka kesho nitapasuka, na huko kwetu kupasuka hakuna hata fomu yake.

Nchi yenyewe siitaji jina, wenye nayo wanajijua. Ni ya milimani. Ukungu unashuka saa tisa alasiri, hauondoki mpaka saa nne asubuhi, na baridi yake haipigi hodi. Kwa hiyo kila nyumba ina jiko la mkaa. Jioni jiko likishakolea linaingizwa chumbani kama mgeni wa heshima. Mwanamke aliyejifungua ndiyo kabisa: siku arobaini jiko halitoki miguuni pake. Mama mkwe akikuta chumba cha mzazi hakina jiko, mtoto wake wa kiume ana kesi ya kujibu.

Sasa mwaka jana, mwezi wa nane, chatu akammeza shemeji yake Waziri. Chooni. Mchana kweupe. Chatu mmoja, shemeji mmoja, mara moja tu tangu nchi iitwe nchi. Lakini ikapigwa picha. Jamani ile picha! Chatu amevimba katikati kama gunia la viazi, na mdomoni kimebaki kiatu kimoja cheusi, kamba zimefungwa vizuri kabisa. Picha ikabandikwa posta, ikabandikwa zahanati, ikachapwa nyuma ya madaftari ya watoto. Waziri akalia redioni siku tatu. Siku ya nne ikaundwa Wizara ya Hofu.

Mimi ndiyo nilikuwa nimetoka chuo, nimesomea takwimu, na nilifaulu vizuri, naomba mjue. Nikaajiriwa kuwa Mpima Hofu Daraja la Tatu. Nilifurahi mpaka nikaruka kamba barabarani na sketi ya kazini.

Kazi ilikuwa hivi. Unaenda kwa mwananchi asubuhi, kabla hajanywa chai. Unashika saa ya kubonyeza. Unamwambia, "Taja kitakachokuua," halafu unabonyeza. Akijibu kabla ya sekunde tatu, alichokitaja ni Hatari ya Taifa. Akijibu baada ya sekunde tatu, hayo ni mawazo yake binafsi.

Chatu alikuwa anatajwa ndani ya sekunde moja. Watoto walimtaja kabla sijamaliza kuuliza. Bibi mmoja tu wa kule bondeni ndiye alifikiri. Alifikiri sana, sekunde kumi na nne, akasema, "Maji ya kisima, mjukuu wangu. Yalimchukua mume wangu, yakawachukua na wanangu wawili."

Nikamwambia pole bibi, umechelewa.

*

Ikatoka Amri ya Kuziba. Madirisha yote yazibwe, matundu ya juu ya mlango yazibwe, na pale chini mlango unapoachana na sakafu pawekwe mpira. Tulitumia matambara, udongo, magodoro ya zamani, hata sweta za marehemu. Wakaguzi walipita na mshumaa. Wanauwasha ndani, wanausogeza dirishani, moto ukitikisika, wewe unalala mahabusu. Moto ulitakiwa usimame wima kama askari kwenye gwaride.

Ndipo watu wakaanza kulala.

Wa kwanza kuwaona mimi walikuwa majirani wa dada yangu. Dada yangu anaitwa Atuganile, tunamwita Atu. Jirani yake alikuwa mama mmoja mcheshi, Mama Nsubile, ana watoto wanne, mkubwa ndiye huyo Nsubile, wa darasa la tano. Asubuhi hiyo nilikwenda kuwapima. Nikagonga. Nikagonga tena. Dada akatoka kwake na tumbo lake la miezi saba, tukasukuma wote mpaka ule mpira ukaachia.

Ndani kulikuwa na joto zuri. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, majivu matupu. Watoto wamejipanga kwa kimo, mashavu mekundu kama wametoka kucheza sasa hivi. Hakuna aliyekunja uso.

Nilisimama na saa mkononi. Kumbe nilikuwa nimebonyeza bila kujua. Niliposhtuka ilisoma dakika kumi na moja.

Akaja daktari wa serikali. Akatafuta alama za chatu, hakuna. Fomu yetu ilikuwa na visanduku viwili tu: CHATU na AMELALA. Daktari akaweka alama kwenye AMELALA, mara tano, akanawa mikono.

Nikamwambia, "Daktari, hawa hawapumui."

Akaniambia, "Binti, wamelala fofofo."

Wakachukuliwa na blanketi zao mpaka Bweni la Taifa. Hilo lilikuwa bweni la shule ya zamani kule juu kilimani, vitanda vya ghorofa, baridi kama ndani ya mtungi. Mlangoni pana kibao: KIMYA. WANANCHI WAMELALA. Mlinzi anavaa ndara za sponji asipige kelele. Ndugu waliruhusiwa kuwaona Jumapili, ila kulia marufuku, kwa sababu kumwamsha mwananchi ni kosa. Kwa hiyo unawakuta akina mama wamesimama kando ya vitanda wameuma pindo za khanga, mabega yanaruka, sauti haitoki. Wakitoka, alama za meno zinabaki kwenye kitambaa. Shuleni nako mwalimu aliendelea kuita majina. "Nsubile!" Na darasa zima linaitikia kwa sauti ya chini, "Amelala, mwalimu."

Redioni Waziri akatangaza kwamba tangu Amri ya Kuziba, usingizi wa wananchi umeimarika kwa asilimia mia tatu.

*

Sasa mimi nilisomeshwa kuhesabu, na ukishasomeshwa kuhesabu huwezi kuacha, ni kama kwikwi. Nikafungua daftari langu mwenyewe. Nyumba kumi na tisa zenye watu waliolala. Zote zimezibwa. Zote kumi na tisa jiko lilikuwa chumbani. Chatu: sifuri.

Nikakimbia kwa bosi wangu, Mzee Ambangile. Huyu mzee alikuwa mtu mwema, naomba muelewe hivyo. Miguu ilikuwa inamsumbua, alivaa soksi pea tatu, na kila mtumishi aliyemkuta na mafua alimletea tangawizi kutoka kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Mbona unahema kama umefukuzwa?"

Nikamfungulia daftari. Akasoma taratibu, akapangusa miwani, akasoma tena.

"Umepima kwa saa?"

"Mzee, hii haipimwi kwa saa. Inahesabiwa."

"Aah. Kuhesabu." Alilisema kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. "Binti yangu, nina miaka sitini na mmoja. Jiko limekuwa chumbani kwangu tangu nazaliwa. Bila jiko miguu hii hainifikishi hapa ofisini. Je, nimekufa?"

"Hapana, mzee."

"Basi."

Akalifunga daftari. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Ila kumi na tisa nazo ni nyingi. Nitakuombea nafasi mbele ya Waziri. Vaa kiatu kilichofunikwa."

*

Kikao kilifanyika ukumbi wa Wizara, asubuhi, milango imefungwa na mipira imekandamizwa. Watu walijaa. Safu tatu za nyuma zilikuwa viti vitupu vyenye kadi za majina, kwa sababu waliolala bado ni wananchi na wana haki ya kuhudhuria. Viti hamsini na nane. Vinne vilikuwa vile vidogo vya chekechea.

Nikasoma takwimu zangu. Waziri alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasimama.

"Binti yetu amesema chatu hajaonekana kwa miezi kumi. Ni kweli. Lakini niwaulize wananchi, mtu asiyekula miezi kumi anakuwaje?"

"Ana njaa!" ukumbi ukaitikia.

"Njaa ya miezi kumi! Ina maana leo yuko karibu kuliko jana, na kesho atakuwa karibu kuliko leo."

Nikanyoosha mkono. "Mheshimiwa, na kama angeonekana jana?"

"Ingethibitisha kwamba yupo."

Makofi. Mzee mmoja akapiga na fimbo chini.

"Sasa tuje kwenye hili jiko linalosingiziwa," Waziri akasema. "Serikali yetu ni sikivu, haihukumu bila ushahidi. Aliyewahi kuuawa na jiko, anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyanyuka.

"Msiogope. Hata mmoja."

Sijui nani alianza, lakini watu wote wakageuka taratibu wakaangalia viti vya nyuma. Waziri mwenyewe akaangalia. Mama mmoja karibu yangu akaacha kumnyonyesha mtoto. Tukaangalia viti, na mimi nawaapia viti vilikuwa vinatuangalia. Halafu kadi ya Nsubile ikaanguka chini. Ukumbi umezibwa, jamani. Upepo haukuwepo hata wa dawa.

Katibu akaenda kuiokota, akairudisha kitini, akarudi mezani akaandika huku anasoma kwa sauti: "Hakunyoosha."

Kikao kikaahirishwa kwa sala.

*

Wakati huo Dada Atu alikuwa ameshajifungua. Binti, mzuri, ana nywele kama amezaliwa na wigi. Mume wake yuko mashamba ya chai, anarudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo chumbani ni dada, mtoto na jiko. Nilipofika nikakuta dirisha limezibwa na godoro zima.

"Dada, tuweke tundu. Dogo tu. La kidole."

"La kidole? Chatu naye si anaanza kwa ncha? Unataka aniguse kwanza ndiyo uamini?"

"Dada, ni hilo jiko. Mama Nsubile..."

"Mama Nsubile amelala, Mungu amwamshe salama. Nikwambie kitu? Jiko hili limekukanda wewe, limenikanda mimi, limemkanda mama. Leo ndiyo limekuwa muuaji kwa sababu wewe umevaa kitambulisho shingoni?"

"Nimehesabu, dada."

"Wewe umehesabu, mimi nimeona picha." Akamvuta mtoto kifuani. "Kile kiatu, mdogo wangu. Nikifumba macho nakiona. Zile namba zako nikifumba macho sioni kitu."

Nikamtazama mtoto, mashavu yameanza kuwa mekundu kwa lile joto. Nikasikia mdomo wangu unaongea wenyewe.

"Sawa. Ila Wizarani wanaficha jambo moja. Chatu ana damu ya baridi. Anatafuta joto. Yule shemeji wa Waziri unajua kwa nini alimezwa? Aliingia chooni na jiko."

Dada akakodoa macho. "Weee!"

"Anafuata harufu ya mkaa. Anasikia jiko kutoka vijiji viwili."

Hakuuliza nimejuaje. Hakuuliza ushahidi. Jiko lilitoka nje likiwa na sufuria ya maji juu yake, na maji hayakumwagika. Mtoto akafungwa blanketi tatu, na dada akavaa koti la mume wake.

Mnanijua, mimi sijui kukaa na habari. Nikaisema kisimani, nikaisema saluni, nikaisema mashineni watu wanasubiri kusagiwa. Nilipofika sokoni jioni nikasimuliwa mimi mwenyewe, tena imeongezwa: chatu wamekuwa wawili na mmoja anajua kupuliza moto. Majiko yakatoka nje nchi nzima. Watu walilala wanatetemeka, meno yanagonga, wanatukanana wakigombania blanketi. Asubuhi nagonga mlango, naitikiwa kwa matusi. Sijawahi kupenda matusi kama siku zile! Siku tisa, Bweni halikupokea mtu hata mmoja.

Mtu mmoja tu sikumwambia, naye hakuwa mtu wa kuamini uvumi wa sokoni. Mzee Ambangile. Yeye angepangusa miwani aniulize, "Chanzo cha habari ni kipi, binti yangu?" Niliogopa kuonekana mwongo mbele yake. Kila siku nilisema nitamwambia kesho.

Siku ya kumi hakuja kazini.

*

Nilimkuta mke wake, Mama Subilaga, amekaa kizingitini. Alikuwa amelala kwa binti yake usiku ule, ndiyo maana alikuwa hai. Khanga iko mdomoni. Ndani mzee amelala chali, soksi pea tatu, jiko limesogezwa karibu kabisa na miguu. Mashavu mekundu kama ya kijana.

Daktari alikuwa safarini, kwa hiyo fomu nilikuwa nayo mimi. Nikaitoa.

"Watampeleka kule juu?" mama akauliza.

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Nitakuwa naenda Jumapili, namwangalia, nauma khanga, narudi." Akaitoa khanga mdomoni, akaitazama, imetoboka. "Mwanangu, miaka thelathini na nane nimelala na yule mtu. Sikuombi umrudishe. Naomba nimlilie tu. Nimlilie, nimzike, nikae matanga na watu. Hamna sanduku lolote hapo kwenye hiyo karatasi linaloniruhusu nilie?"

Lilikuwepo moja.

Nikaweka alama kwenye CHATU.

Jamani, yule mama alilia. Sauti ilitoka kama kitu kilichofungiwa tangu mwaka juzi, ikapanda juu ya mapaa, ikaingia kwenye ukungu. Nchi haikuwa imesikia kilio tangu Bweni lifunguliwe. Milango ikafunguka. Wakaja wanawake, kwanza wanatembea, halafu wanakimbia, wamevaa ndara mguu mmoja mmoja. Hawakuuliza kilichomuua mzee. Walipanga mstari mbele yangu.

"Na wangu mwandike chatu."

"Wangu wawili. Pacha. Waandike wote."

Akaja bibi wa Mama Nsubile, mkavu kama ukuni, akanishika mkono wa kalamu kwa mikono yake miwili. "Watano," akasema. "Nsubile muanze yeye, alikuwa mkubwa."

Nikaandika. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja, kamasi zinadondokea fomu. Nikaandika mpaka adhuhuri, watu sitini na wanne pamoja na mzee, na kila fomu tarehe ya siku ileile, maana ndiyo siku niliyoandika. Mlinzi wa Bweni akavua ndara zake za sponji, akafungua mlango. Wakashushwa kilimani mmoja mmoja, na kila aliyeshuka alililiwa kwa jina lake. Nilijiona malaika. Mkono unauma, moyo mweupe.

Saa tisa redio ikasema.

"Wananchi, leo, ndani ya asubuhi moja, chatu wameua watu sitini na wanne. Imethibitishwa na Wizara, fomu zimesainiwa. Matambara hayatoshi tena. Kuanzia saa hii kila dirisha lizibwe kwa saruji."

Nikaanza kukimbia.

*

Barabara nzima mafundi walikuwa wanakoroga zege, mwiko unagonga ukuta kila nyumba. Hakuna aliyelazimishwa. Watu walikuwa wanawavuta mafundi kwa shati, "Anza kwangu, nina watoto!" Ukungu ulikuwa umeshashuka.

Kwa Dada Atu fundi alikuwa ameshaondoka. Dirisha halipo. Pamebaki ukuta na mraba wenye unyevu. Nikasukuma mlango, ukafunguka nusu, joto likanipiga usoni, na kule ndani nikaliona jiko, jekundu, limekolea, miguuni mwa kitanda.

"Dada! Jiko!"

"Ingia upesi nifunge."

"Si nilikwambia anafuata jiko?"

"Atapita wapi sasa? Saruji hiyo, kaigonge uone. Siku tisa mtoto ananitetemekea kama kifaranga. Leo atalala kama binadamu."

"Dada Atu, nisikilize. Hakuna chatu. Ya jiko nilitunga mimi. Na wale sitini na wanne nimewaandika mimi, kwa mkono huu, ili walie. Hakuna aliyeliwa. Ni jiko. Wote ni jiko."

Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mgonjwa wa homa.

"Redioni wamekutaja jina," akasema. "Afisa aliyethibitisha. Nilijisikia fahari, nikamwambia fundi, huyo ni mdogo wangu."

"Nilidanganya!"

"Sitini na wanne, mdogo wangu. Kwa asubuhi moja. Huwasikii?"

Nilikuwa nawasikia. Kule chini makaburini nchi nzima ilikuwa inalia, kilio cha miezi yote ile kwa mkupuo, na kila aliyekisikia alijua kwa hakika kabisa kwamba chatu yupo.

"Haya ingia au toka," dada akasema. "Giza linaingia."

Akaanza kufunga. Nikaweka mguu.

"Toa mguu."

"Sitoi."

"Nitakuumiza."

"Niumize."

Akaegemea mlango kwa mgongo. Ule mpira wa chini ukanibana kifundo, mbao ikaingia kwenye mfupa. Nilimsikia anahema upande wa pili, dada yangu aliyenibeba mgongoni, anasukuma kwa nguvu zake zote kuniokoa. Ukungu ukapenya pale penye mguu wangu, ukaingia chumbani, mwembamba, baridi.

"Atapita hapo! Atapita hapo hapo ulipoweka mguu! Wewe ni mtu gani?"

Mtoto akapiga chafya. Halafu akaanza kulia, kilio kikali cha hasira, cha mtu aliyeguswa na baridi.

"Ona sasa, umemwamsha!"

"Ndiyo dada," nikamwambia, nimeshika ukuta kwa mikono miwili. "Nimemwamsha."

Mguu sikuutoa.